Sikio la Mtu Mzima, Mkono wa Mtoto

Mwalimu wangu wa gitaa ana wanafunzi saba. Sita bado wako shule ya msingi. Wa saba ni mimi, mwenye umri wa miaka 22, mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu. Tunakutana kila Jumamosi uani kwake, katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Watoto huketi kwenye benchi, nami hupewa kiti kwa heshima ya umri wangu. Heshima hiyo hudumu mpaka nianze kupiga.

Siku ya kwanza nilibonyeza uzi kwa nguvu zangu zote, nao ukatoa mlio kama wa kopo tupu. Mvulana wa miaka kumi aliyekuwa karibu nami alinishika kidole, akakisogeza mpaka karibu na kipande cha chuma kilicho shingoni mwa gitaa, akasema, "Hapa, yaya." Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi yaya si mlezi wa watoto, ni ndugu mkubwa. Nilibonyeza tena, kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo, na uzi ukalia vizuri. Watoto wengine wakacheka. Nilicheka pamoja nao, lakini uso ulikuwa umenipata moto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha insha hii: je, ni vyema mtu mzima afanye jambo vibaya mbele ya watu, ilhali angeweza kuliacha, au kuficha kutojua kwake? Swali hili laweza kuonekana dogo. Gitaa si chakula wala dawa, na nisipolijua hakuna atakayekufa. Hata hivyo, niliwahi kulijibu swali hili kwa vitendo, nikalijibu vibaya, na jibu langu lilimwumiza mtu mwingine. Ndiyo maana nimeona linafaa kuandikiwa.

Tuanze na methali ambayo kila mmoja wetu ameiandika katika daftari lake: samaki mkunje angali mbichi. Makusudio yake ni malezi. Mzazi anaonywa asichelewe. Lakini sisi tuliokwisha kukua mara nyingi tunaisoma kwa faida yetu. Tunasema, "Mimi nimeshakauka," na methali inageuka cheti cha kutusamehe. Mmoja husema hakuzaliwa na mkono wa muziki. Mwingine husema yeye ni mwepesi wa hasira, ndivyo alivyo, mkewe avumilie. Kwa namna hiyo onyo lililokusudiwa kwa wazazi linakuwa kitanda cha wavivu.

Sisi wa Kongo tunakula makayabu, samaki wa chumvi aliyekauka hata ukimgonga mezani analia kama ubao. Hakuna mama anayejaribu kumkunja akiwa katika hali hiyo, wala hakuna anayemtupa. Humlaza majini usiku kucha, akamwaga maji hayo, akamtia mengine, na kesho yake samaki amelainika. Kazi yake inataka muda na maji mengi kuliko ya samaki mbichi. Kwa hiyo methali haikusema uongo. Ilitueleza lililo rahisi. Haikutueleza lililo mwisho wa uwezo wetu.

Baada ya miezi michache niligundua kuwa shida yangu kubwa haikuwa mkono. Ilikuwa sikio. Mtoto anayejifunza gitaa, sikio lake na mkono wake vina umri unaokaribiana. Anapokosea hasikii kosa lote, na kile kidogo alichopata kinamfurahisha. Mimi nimelelewa katika nyumba ambamo babu yangu alisikiliza wapiga gitaa wa Katanga wa zamani. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, alikuwa mtu mmoja mwenye gitaa moja. Lakini ukimsikiliza katika "Masanga" utadhani wako wawili: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Tena huyo, kama Edouard Masengo na Losta Abelo, aliimba kwa Kiswahili. Sikio langu limekunywa muziki huo kwa miaka ishirini na zaidi. Mkono wangu una miezi tu. Kila ninapogusa uzi, sikio la mtu mzima linauhukumu mkono wa mtoto, na hukumu ni moja kila siku.

Mtu aliyebanwa kati ya sikio lake na mkono wake ana njia tatu. Anaweza kuacha. Anaweza kuvumilia kusikika jinsi alivyo mpaka mkono ukue. Na kuna njia ya tatu, ambayo watoto wadogo hawaijui sana, nayo ni kujificha. Sisi tumeishi vya kutosha kujua namna ya kuonekana kama watu wanaojua. Tunaitikia kwa kichwa. Tunacheka wenzetu wanapocheka. Tunasema, "Hilo tutalizungumza baadaye."

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Euthydemus, anatuonyesha Socrates akimweleza rafiki yake Crito kwamba bado anajifunza kinubi kwa mwalimu aitwaye Connus. Wavulana wanaosoma pamoja naye wanamcheka, na mwalimu wao wamempa jina la kumtania, mwalimu wa wazee. Nilipolisoma jambo hilo nilifurahi sana. Nilimwona Socrates kwenye benchi la Katuba, nikajihesabu kuwa mwenzake. Ila sikuzingatia neno moja: aliyesimulia kicheko kile ni Socrates mwenyewe. Hakungoja kugunduliwa. Hapo ndipo mimi na yeye tulipoachana njia.

Ilikuwa mwezi wa nne tangu nianze kujifunza. Kwaya ya kanisa letu ilikuwa ikijiandaa kwa Noeli, na mpiga gitaa wao, akijua kwamba ninajifunza, aliniomba nipige pamoja naye. Nyimbo mbili kati ya zile zilikuwa na Fa. Aliyewahi kushika gitaa ananielewa. Kwa Fa, kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita na kuzibana sawasawa, huku vidole vingine vitatu vikishika nyuzi nyingine mbele yake. Mkono wangu haukuiweza. Ningeweza kumwambia mwenzangu hivyo kwa maneno matatu. Nikanyamaza.

Siku ya Noeli, kila Fa ilipofika, nilivilaza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi bila kuzibonyeza. Nyuzi zikawa bubu. Mkono wa kulia uliendelea kwenda juu na chini kwa mdundo mzuri, na kichwa nilikitikisa kidogo kama nionavyo wapigaji wakifanya. Gitaa la mwenzangu lilitoa sauti kwa niaba yetu wote wawili. Katika wimbo wa pili sikungoja hata Fa. Nilizifanya nyuzi bubu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu niliona ni rahisi na hakuna aliyegundua.

Baada ya misa, mama mmoja wa kwaya alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, miezi minne tu! Mungu amekupa," akasema, na akaniwekea faranga mkononi za kununulia nyuzi. Nilimwambia, "Aksanti, Mama." Fedha nikazitia mfukoni.

Mama huyo ana mtoto wa kiume, fundi wa kujenga, aliyepita miaka thelathini. Tangu udogo alitamani gitaa, lakini alianza kubeba matofali mapema na hamu ikabaki hamu. Aliposikia habari zangu nyumbani, aliazima gitaa la jirani akaanza kujifunza peke yake jioni, baada ya kazi. Mimi sikujua. Nilikuja kujua siku niliyokutana na Mama njiani, nikiwa na gitaa mgongoni. Aliniambia kuwa mwanawe amekwisha kulirudisha. "Anasema mwanafunzi wa chuo aliweza kwa miezi minne, na yeye wiki sita zimepita, hata wimbo mmoja hakuna. Anasema vidole vyake ni vya saruji, si vya muziki."

Kabla ya hapo nilikuwa nimejitetea moyoni kwamba sikumdhulumu mtu yeyote. Misa ilikwenda vizuri, nyimbo ziliimbwa, mwenzangu hakulalamika. Ni nani aliyepoteza kitu? Sasa nilimjua. Kwa kuficha kwangu niliweka kipimo cha uongo, na mtu asiye na hatia akajipima nacho, akajiona mfupi. Aibu niliyoikwepa haikupotea. Ilitoka kwangu ikaenda kukaa kwake, naye akaipokea akidhani ni yake tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la insha hii ni hili: anayejifunza ukubwani hamiliki kosa lake peke yake. Kosa hilo likionekana ni kama tawi bichi ambalo madereva wetu huweka barabarani gari lao linapoharibika. Anayekuja nyuma analiona, anapunguza mwendo, na anajua kuwa hapa wengine nao walikwama. Likifichwa, kila anayefika hapo anaamini kuwa amekwama yeye tu. Ndiyo maana nadhani kujifunza waziwazi ni deni tulilo nalo kwa wenzetu, wala si suala la ujasiri wa mtu binafsi tu.

Kuna pingamizi mbili ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza inatoka kwa Aristotle. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nicomachus anafundisha kwamba tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu, kama vile mtu anavyokuwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Neno hili hutajwa sana ili kuwapa moyo wanaoanza. Lakini Aristotle anaongeza jambo ambalo halitajwi sana: katika kupiga huko huko ndimo wanamotoka wapigaji wazuri na wapigaji wabaya. Basi mpinzani wangu aweza kusema: ukipiga vibaya mbele ya watu, mara kwa mara, unajizoeza ubaya.

Pingamizi hilo ni la kweli, na mwalimu wangu hulisema kwa namna yake. "Vidole havijui kosa ni lipi," hutuambia. "Vinakumbuka tu ulichorudia." Dawa yake ni kupunguza mwendo. Anataka tupige polepole kiasi cha vidole kutokosea, hata kama wimbo hautambulikani tena. Na tukikosea polepole, kosa linasikika. Linalosikika linaweza kusahihishwa. Hapo nikaona kwamba kupiga vibaya kuko namna mbili. Anayepiga vibaya huku akisikika anajizoeza kusikia na kurekebisha. Anayepiga nyuzi bubu hajizoezi gitaa hata kidogo. Siku ile ya Noeli nilirudia kitendo kimoja mara nyingi sana, na kwa kipimo cha Aristotle kilinijenga: nilitoka kanisani nikiwa mdanganyifu hodari zaidi ya nilivyoingia. Katika Fa nilikuwa palepale.

Pingamizi ya pili ni kwamba si kila jambo la kufanyiwa mazoezi mbele ya watu. Hakuna anayetaka kupasuliwa na daktari anayejaribu, wala kupanda basi la mtu aliyeanza udereva jana. Nakubali. Lakini tazama gari la shule ya udereva linavyopita mjini. Limeandikwa ubavuni kwamba ni la wanaojifunza, na mwalimu ameketi kando ya mwanafunzi. Watu hawalichukii; wanaliachia nafasi. Kinachotakiwa si kuthubutu popote bila kujali, bali ni kwamba wale wanaokutegemea wajue ulipofikia. Mimi niliingia kanisani bila maandishi ubavuni. Kama ningemwambia yule mpiga gitaa kuwa Fa bado, huenda angenipa nyimbo zisizo na Fa, au angeniambia nikae niimbe. Yote mawili yangekuwa ya haki.

Naomba sasa niwageukie wanafunzi wenzangu na walimu wetu, kwa sababu sidhani kwamba jambo hili liko kwenye gitaa tu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Lubumbashi tuko katika hali hiyo hiyo kila siku darasani. Kiswahili tumekisikia tangu mgongoni mwa mama, na sikio letu kwacho ni la zamani. Lakini ulimi wetu katika Kiswahili sanifu ni mchanga. Nyumbani tunasema batoto, darasani watoto. Nyumbani tunakula bukari, kitabuni tunasoma ugali. Nyumbani "kitabu yangu" haimshangazi mtu, na darasani inakatwa kwa wino mwekundu. Sisemi kwamba Kiswahili cha nyumbani ni kosa; ndicho kilichotulea, na ndicho walichoimbia kina Mwenda. Nasema tu kwamba katika hiki kingine sisi ni wanaoanza, tena tumeanza tukiwa watu wazima.

Na tunafanya nini mwalimu anapouliza swali? Wengi tunatazama daftari. Wengine tunajibu kwa Kifaransa, tukisingizia kwamba neno limetutoka. Mimi nilikuwa na mbinu yangu, nami naikiri hapa. Kwa muda mrefu nilimeza silabi ya kwanza ya "yangu" na "changu", ili msikilizaji adhani nimesema ile iliyo sahihi. Zile zilikuwa nyuzi bubu, nami nilikuwa nikizipiga kabla sijagusa gitaa. Wakati huo huo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameketi nyuma, anatusikiliza sisi wakubwa tukipita bila kosa linalosikika, na anajiambia kuwa yeye peke yake ndiye asiyejua ngeli. Huenda ataacha. Hatutajua kwamba sisi ndio tuliomwachisha.

Walimu wetu nao wana sehemu yao. Mwalimu wa Katuba hupiga gitaa miaka mingi, lakini anapojifunza wimbo mpya hujifunzia mbele yetu. Tunamsikia akikosea, akirudi nyuma, akikuna kichwa. Mwanzoni nilidhani hajajiandaa. Sasa naamini hilo ndilo somo lake lenye thamani kuliko yote, kwa sababu kutoka kwake tumejifunza kwamba hata mkono wa mzee hurudi utotoni kila unapokutana na jambo geni.

Baada ya mazungumzo yale na Mama njiani, sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda Ruashi, kwenye nyumba ambayo mwanawe alikuwa akiipiga lipu, nikamweleza yote. Alisimama, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo ile Fa hukuipiga?"

"Sikuipiga."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alinitazama kwa muda. Kama angekasirika angekuwa na haki. Aliniambia kwamba ukuta wake wa kwanza fundi wake mkuu aliubomoa mara mbili, mbele ya wafanyakazi wote, akamfanya ausimamishe tena. Kisha akageuka akaendelea na lipu yake. Sikujua kama nimesamehewa, nami sikuuliza.

Faranga za Mama nilimpelekea. Alikataa kuzipokea. Alisema nikanunue nyuzi, ila safari hii zilie.

Jumamosi iliyofuata mwanawe hakutokea, wala ile ya baadaye. Ya tatu alikuja, na gitaa lilelile la kuazima, mikono bado ina vumbi la saruji kwenye kucha. Alipewa kiti kando ya changu. Mvulana wa miaka kumi alimwangalia akihangaika, akasogea, akamshika kidole. "Hapa, papa," akasema.

Sasa sisi ni wanane. Juzi, mbele ya watoto wote, fundi aliniuliza kama Fa nimeiweza. Nilimwambia kwamba nyuzi nne zinalia, mbili bado.